Kuziba Ufa na Kuficha Ufa



Katika mafundisho yote tuliyopewa na wazee wetu tungali wadogo, hapana neno tulilolisikia mara nyingi kuliko hili: "Sema kweli." Wala hapana neno ambalo kila mtu hulikubali upesi na kulitenda kwa taabu kama hilo. Mwulize mtu yeyote sokoni au shambani kama uwongo ni jambo jema, atakujibu kuwa ni jambo baya. Lakini mfuate mtu huyo huyo tangu asubuhi hata jioni, nawe utaona jinsi kweli inavyomlemea mabegani.

Juma hili twapenda kuzungumza habari za kweli. Hatusemi juu ya kweli ya mahakamani, ambayo mtu huapishwa kabla ya kuinena. Twasema juu ya kweli ndogo ndogo ya kila siku, ile impasayo mtu mbele ya kazi ya mikono yake, mbele ya jirani yake, na mbele ya nafsi yake mwenyewe. Na ili maneno yetu yasielee hewani, twende pamoja hata Tabaka, katika nchi ya Wagusii, mahali ambapo jiwe huwapima watu kwa jambo hili kila siku.

JIWE LA TABAKA

Tabaka iko Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Kisii. Ni nchi ya vilima, migomba na mahindi. Chini ya mashamba yake mna jiwe laini ambalo watu huliita jiwe la sabuni, kwa kuwa likiguswa huteleza mkononi kama sabuni. Na katika maduka ya mbali hujulikana kwa jina la jiwe la Kisii. Rangi zake ni nyingi: liko jeupe, liko la rangi ya maziwa, la waridi, la kahawia, la kijivu, na hata jeusi. Kisu chaweza kulikata, na kwa sababu hiyo Mungu aliwapa watu wa Tabaka kazi ambayo jirani zao hawakupewa.

Zamani jiwe hilo lilitumika kwa vyombo vya nyumbani, kama vile bakuli, viko vya tumbaku na mabao ya kuchezea. Siku hizi kazi yake imeenea duniani. Wanaume huchimba kwa sururu, jembe na mtaimbo. Wachongaji hulipa jiwe umbo kwa panga, kisu na tupa. Kisha wanawake huketi na karai za maji, wakasugua kwa msasa mpaka chombo kiwe laini. Baadhi ya vyombo hupakwa rangi na kuchorwa nakshi, na mwisho hupakwa nta ili ving'ae. Hivyo hutoka sahani, vinara vya mishumaa, kete za sataranji, tembo, viboko, na zile sanamu za watu wa nyumba moja walioshikana mikono. Mchongaji Elkana Ong'esa wa nchi hiyo alichonga sanamu kubwa iliyowekwa katika makao ya UNESCO, huko Paris. Basi si kazi ya kudharauliwa.

Lakini jiwe, kama mwanadamu, huwa na mambo yake ya ndani. Lawezekana kuwa zuri kwa nje, na ndani mna ufa.

NJIA ZA MCHONGAJI

Waashi na wachongaji wa nchi nyingi hulijaribu jiwe kwa kuligonga. Jiwe zima hulia kwa sauti safi. Lenye ufa hujibu kwa sauti nzito, kama chungu kilichopasuka. Hata hivyo sikio la fundi hukosea. Tuseme basi fundi amenunua jiwe lake machimboni, amelichukua hata nyumbani, amelichonga siku tatu likawa bakuli pana, na siku ya tatu, jua likitua, ufa mwembamba kama unywele watokea ubavuni. Afanyeje?

Zipo njia nne. Ya kwanza, aweza kulivunja akaanza upya, akapoteza siku tatu na fedha ya jiwe. Ya pili, aweza kulipunguza, bakuli likawa kisahani, akapata bei ndogo. Ya tatu, aweza kuchukua unga wa jiwe lile lile, akauchanganya na gundi, akaziba ufa, kisha akamwambia mnunuzi, "Hiki kimezibwa hapa." Na ya nne, aweza kuuziba vivyo hivyo, akapaka rangi nzito juu yake, akamaliza kwa nta, akanyamaza.

Tazama vema, ndugu msomaji. Njia ya tatu na ya nne hutumia gundi ile ile, mikono ile ile na ustadi ule ule. Wala gundi si dhambi, wala rangi si hila, wala nta si uwongo. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nao walimsifu mwenye kuziba. Tofauti ya mafundi hawa wawili ni neno moja tu, lililosemwa au lisilosemwa. Mmoja ameziba ufa, mwingine ameuficha. Na aliyeficha hakutamka uwongo hata mmoja. Alinyamaza tu. Kwa hiyo yapasa tujue kwamba uwongo mwingi wa dunia hii hausemwi kwa kinywa. Hufanywa kwa kunyamaza.

KWA NINI NI VIGUMU

Ni rahisi kwa mtu aliyeketi mezani na kalamu yake kumlaumu fundi yule. Lakini tumtendee haki. Dalali huja jioni, amekwisha kupita nyumba kumi, naye ana haraka. Karo ya shule yadaiwa. Unga umekwisha. Fundi akisema, "Bakuli hili lina ufa," dalali atakata bei nusu, au ataliacha, aende akanunue la jirani. Na la jirani huenda nalo lina ufa, ila umefichwa. Basi fundi mkweli ameadhibiwa kwa ukweli wake, na jirani yake amelipwa kwa kunyamaza.

Hapa ndipo ulipo ugumu wenyewe. Hasara ya kweli humjia mtu leo, naye huibeba peke yake. Faida yake huja polepole, tena hugawanywa kwa watu wote. Uwongo ni kinyume chake: faida yake hupatikana leo, huingia mfukoni mwa mtu mmoja; hasara yake huja kesho, huwaangukia wengi wasiojua walikosa nini.

Fikiri habari za bakuli lile. Lilifungwa, likasafirishwa hata Mombasa, likavuka bahari, likanunuliwa na mama mmoja katika nchi ya mbali. Siku moja likapasuka mkononi mwake. Je, mama yule atasema, "Fulani, mwana wa fulani wa Tabaka, amenidanganya"? La. Hamjui. Atasema, "Mawe haya ya Kisii si imara." Hatanunua tena, naye atamwambia dada yake, na dada yake atamwambia jirani. Hivyo ufa uliofichwa na mtu mmoja umepita katika bakuli lake ukaingia katika bakuli za watu wote, hata za yule fundi aliyevunja jiwe lake akaanza upya. Jina jema la kazi ni kama kisima cha kijiji: hakuna aliye mwenyewe, wote huchota, na mmoja aweza kukichafua.

Jambo hili si la Tabaka peke yake. Wanunuzi wa vinyago vya miti katika Afrika ya Mashariki wajua hila ya mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu, ukauzwa kwa jina la mpingo. Matokeo yake ni nini? Mnunuzi mwerevu hukipindua kinyago, akakikwangua chini kwa ukucha au kisu. Na mchongaji aliyetumia mpingo wa kweli hana budi kutazama kazi yake ikikwanguliwa, kwa kosa asilolitenda.

Wala lawama isiwe kwa wachongaji tu. Dalali amwambiaye fundi, "Bei zimeshuka," hali ajua kuwa hazikushuka, yeye naye ameficha ufa. Mwenye duka amwambiaye mtalii kwamba sanamu iliyochongwa mwezi jana ni ya kale, amefanya vivyo hivyo. Na mnunuzi ashushaye bei mpaka fundi asibaki na kitu, kisha ataka kazi iliyo kamilifu, ajue kuwa amenunua ufa kwa fedha yake mwenyewe.

KISA CHA NTA

Kipo kisa kimoja kizuri ambacho husimuliwa sana makanisani na katika mikutano ya wafanya biashara. Husemwa kwamba katika Roma ya kale wachongaji wadanganyifu waliziba nyufa za sanamu kwa nta, na walipofika wanunuzi, wachongaji waaminifu walitangaza kuwa sanamu zao ni "sine cera", yaani pasipo nta. Na kwamba ndiyo asili ya neno la Kiingereza "sincere", lenye maana ya mtu mnyofu wa moyo.

Kisa hiki chafaa mno kwa makala yetu. Yamo ndani yake mawe, nyufa, nta na wanunuzi. Lakini wataalamu wa lugha waliolichunguza neno hilo husema latokana na neno la Kilatini "sincerus", lenye maana ya kitu safi kisichochanganywa, na kwamba hadithi ya nta haina ushahidi wa kutosha. Basi hapa twaona jambo la ajabu: watu wamefundishana habari za kweli, vizazi kwa vizazi, kwa hadithi ambayo yenyewe si hakika. Hawakuwa na nia mbaya. Kisa kilikuwa kitamu tu, na kitu kitamu hakiulizwi kilitoka wapi. Na huu ndio mlango ambao uwongo hupenda kuuingia: hatuupokei kwa sababu twaupenda uwongo, bali kwa sababu twapendezwa na kile unachotuambia.

UWONGO WA KWANZA

Neno hilo latuleta kwenye shina la habari yetu. Kabla fundi hajanyamaza mbele ya mnunuzi, alikuwa amekwisha kusema na nafsi yake. Aliiambia, "Ufa huu ni mdogo." Kisha akaiambia, "Hautaendelea." Kisha, "Kila mtu hufanya hivi." Na mwisho, "Mnunuzi ni tajiri, hataumia." Dalali alipofika, fundi hakuwa tena na la kuficha, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa ameamini kwamba hakuna ufa. Mtu hawezi kumdanganya mwenzake kwa utulivu wa moyo mpaka kwanza ajidanganye.

Na katika kazi hii ya mawe, yapo mambo ambayo ndani yake hakuna mnunuzi wa kudanganywa. Mdanganyifu na mdanganywa ni mtu mmoja. La kwanza ni vumbi. Tupa ikipita juu ya jiwe kavu, unga mweupe hupanda, ukatua juu ya nywele, nguo na nyusi za fundi, na mwingine huingia kifuani pamoja na pumzi. Waganga wa hospitali wamejua tangu zamani kwamba vumbi la mawe, likivutwa mwaka baada ya mwaka, hudhuru mapafu; na vumbi lenye madini ya silika huleta ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Wanawake wasuguao kwa maji wana nafuu, kwa kuwa maji hulishika vumbi lisipande. Lakini mchongaji hulikata na kulipiga tupa likiwa kavu, na ukimwuliza kwa nini hafungi kitambaa cha kufaa puani, atajibu, "Nimelizoea." Kikohozi kikija, asema ni baridi ya asubuhi. Kifua kikimbana, asema ni uchovu. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humfichua."

La pili ni shimo. Mahali pachimbwapo kwa mikono, mchimbaji hulifuata jiwe zuri chini ya ukuta wa udongo, na kila siku huingia ndani kidogo zaidi. Ajua kwamba mvua ya masika hulegeza udongo. Ajua kwamba ukuta usiotegemezwa hauna ahadi na mtu. Hata hivyo husema, "Leo tu, kesho nitaanza upande mwingine." Mnunuzi aweza kudanganywa akanyamaza, udongo haudanganyiki. Tena shimo lililokwisha kuachwa wazi, likajaa maji, huwangojea watoto na ng'ombe wa watu wasiolichimba. Hapo twaona tena kwamba uwongo ambao mtu amejiambia peke yake, huishia katika nyumba ya mwingine.

KUWAAMBIA WENGINE

Baadhi ya watu, wakisikia maneno kama haya, huondoka na fimbo badala ya taa. Huwaendea jirani zao, wakawapiga kwa kweli, wakasema, "Mimi ni mtu wa kweli, sifichi neno." Huyo naye amekosea. Kweli ni kama tupa ya fundi: mkononi mwa mwenye haraka huharibu sanamu, mkononi mwa mwenye subira huipa umbo.

Tuseme kijana anajifunza kuchonga, naye amemletea baba yake mdogo twiga wake wa kwanza. Miguu ya twiga ni myembamba kupita kiasi. Mzee aweza kusema, "Kizuri sana, mwanangu," ili kumfurahisha. Na kijana atachonga twiga hamsini wa namna hiyo, wakavunjika wote njiani, na soko litamfundisha bila huruma yale ambayo mzee alimnyima kwa upole wa uwongo. Au mzee aweza kusema, "Hujui kazi," na kijana akaiacha tupa asiishike tena. Lakini aweza pia kusema hivi:

"Mwanangu, shingo umeiweza. Sasa shika hapa mguuni. Waonaje?"

"Ni mwembamba, baba."

"Akifungwa katika sanduku, atafika mzima?"

"Hatafika."

"Basi, jiwe liko. Chonga mwingine, mguu uwe mnene kwa kidole kimoja."

Mzee huyu hakuficha ufa, wala hakumpasua kijana. Na zaidi ya hayo, amemwacha kijana auone ufa kwa macho yake mwenyewe, maana kweli ambayo mtu ameiona mwenyewe hukaa naye kuliko ile aliyotupiwa na mwingine. Wazee husema nyani haoni kundule. Kila mmoja wetu ana upande ambao hawezi kuuona pasipo msaada wa rafiki, na mtu akosaye rafiki wa kumwambia kweli ni maskini, hata akiwa na ng'ombe mia.

TUFANYEJE?

Wengine watatuambia, "Kweli hailishi watoto." Tusiwajibu kwa hila katika makala ya namna hii. Ni kweli kwamba siku nyingine mtu mnyofu hulala na njaa, na mwongo hushiba. Hatuwezi kuahidi kuwa kila asemaye kweli atatajirika. Tuwezalo kusema ni kwamba mzigo huu ni mzito mno kwa mtu mmoja, na kwa hiyo wapaswa kubebwa na wengi. Basi twatoa mashauri haya machache:

Kwanza, wachongaji walio katika chama au kikundi kimoja wakubaliane sheria moja: vyombo vizima vikae upande wake, na vilivyozibwa vikae upande wake, kila kimoja na bei yake, na mnunuzi aambiwe wazi. Mmoja akifanya hivyo peke yake hupata hasara. Wote wakifanya, dalali hana mahali pa kukimbilia.

Pili, kila karakana iweke alama yake chini ya chombo. Mtu ambaye jina lake liko juu ya kazi yake hufikiri mara mbili kabla ya kunyamaza, na kazi njema haitalipishwa kosa la kazi mbaya. Tena mnunuzi aambiwe chombo ni cha pambo au cha kulia chakula, hasa kama kimepakwa rangi na kuzibwa kwa gundi.

Tatu, mnunuzi naye atimize wajibu wake. Shirika la Biashara ya Haki Duniani limeweka kanuni kwamba mnunuzi wa kazi za mikono hulipa angalau nusu ya bei mapema, bila riba, ikiwa fundi ataomba. Kanuni hii ni ya busara, kwa maana fundi aliyekwisha kununua unga na kulipa karo aweza kuuvunja mwamba wenye ufa bila kuogopa usiku ujao.

Nne, kila mtu, awe fundi au mwalimu, karani au mkulima, ajiulize swali moja kabla hajalala: "Leo nimejiambia neno gani ambalo nisingethubutu kumwambia mtu mwenye kuijua kazi yangu?" Jibu lake litamwonyesha mahali ulipo ufa.

Wasomaji wetu, hapana jiwe duniani lisilo na mshipa, wala hapana mtu asiye na kasoro. Haipasi tuone haya kwa kuwa na ufa. Yapasa tuone haya kwa kupaka nta juu yake na kunyamaza. Chombo kilichozibwa kwa uwazi chaweza kutumika miaka mingi, na aliyekinunua hukishika kwa uangalifu kwa kuwa ajua mahali pake padhaifu. Na mtu aliye wazi kwa nafsi yake ni vivyo hivyo: mkewe, watoto wake na jirani zake wajua mahali pa kumtegemeza.

Hata juma lijalo, kwaherini.